Mtoto Hasemi, Hatulii, Haelewi: Tazama Anaombaje Mabuyu

Kazi yangu ni ualimu wa tathmini. Vituo vyetu serikali ilivianzisha mwaka 1984, na shughuli yake ni kumpokea mtoto ambaye shule imemkataa au chuo cha Kurani kimemrudisha, kumkalisha, kumtazama, kisha kumwambia mzazi anahitaji nini na aende wapi. Mimi si daktari wala sitoi dawa. Lakini hapa Mombasa mzazi hupitia kwanza kwa nyanya, kwa ustadhi, kwa jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la dawa, ndipo afike kwangu, na mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kumuuliza, "Mtoto akitaka kitu, hufanyaje?"

Jibu la kwanza karibu kila siku ni "Hasemi, mwalimu."

Kutosema amekuja nako mlangoni, nimekwisha kuandika. Ninachotaka kujua ni anachokitumia badala ya maneno. Watoto sita wenye shida sita mbalimbali wanaweza kuletwa na lalamiko hilohilo moja la "hasemi", na ukiwapima kwa kile wasichokuwa nacho utawaona wote ni wamoja. Wanapoachana ni kwenye njia ambayo kila mmoja amejitafutia.

Kopo

Nina kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kifuniko chake kigumu hata mimi mwenyewe nahangaika nacho. Ndani natia mabuyu, yale mekundu ya kuchafua vidole na nguo ya Ijumaa. Mtoto mdogo wa chini ya miaka minne simpi mabuyu, kokwa zinaweza kumkaba. Yeye namtilia biskuti. Nampa kopo limefungwa, kisha nanyamaza.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana mama pembeni keshaanza: "Sema nipe! Haya babangu, sema nipe!" Namwomba anyamaze, tungoje kwa kiasi cha kuhesabu polepole hadi kumi na tano. Mzazi unaweza kulifanya hili nyumbani kwako, siku tofauti, mtoto akiwa hana usingizi na hajashiba sana.

Mtoto mmoja atalivuta, atalijaribu kwa meno, kisha atainua uso anitazame, atazame kopo, anitazame tena. Ataninyooshea, atatoa sauti "mm! mm!", na nikijifanya sielewi atakunja uso au atachukua kidole changu aonyeshe penye kifuniko huku macho yake yako kwangu. Hana hata neno moja, lakini keshaniambia kila kitu. Huyu mawasiliano anayo. Lugha ndiyo haijaja. Mawazo yangu yanakwenda sehemu mbili: masikio, au tatizo la lugha lenyewe.

Mwingine ananishika kifundo cha mkono na kuuweka mkono wangu juu ya kifuniko. Hanitazami. Mkono wangu kwake ni bisibisi: ameuhitaji, ameuchukua, akishamaliza atauachia. Au hata kufungua hataki, ameliona kopo linavyong'aa na sasa analizungusha karibu na jicho. Hapo naanza kuwaza usonji (autism), na bado ni kuwaza tu.

Kuna anayefurahi mno, anacheka na mimi, macho ni yangu kabisa, ila kopo analibamiza, analitia mdomoni, analitupa asikie mlio, jinsi afanyavyo mtoto wa mwaka mmoja, na yeye ana minne. Mahusiano yake na watu ni mazuri. Kila kitu chake kinalingana na umri mdogo kuliko alio nao: lugha, mikono, mchezo, hata kula. Hiyo ni picha ya ukuaji uliochelewa kwa ujumla.

Halafu yuko yule ambaye sijaketi vizuri keshalinyakua. "Mwalimu fungua, ni mabuyu? Umenunua wapi? Mimi nataka mengi!" na jibu hajalisikia, yuko dirishani anatazama tuktuk. Kuomba si shida yake. Shida yake ni kungoja.

Wa mwisho ndiye ninayemwombea watu waache kumhukumu. Macho yanakwenda kwenye kopo, yanarudi kwangu, yanakwenda tena. Mwili unakakamaa, mdomo unafunguka, mate yanamtoka, sauti haiji. Anataka kusema. Ni misuli inayokataa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoiongoza iliumia, mara nyingi kabla ya kuzaliwa au wakati wa uzazi, au ni manjano makali ya siku za mwanzo ambayo hayakutibiwa. Watu humwita zuzu mbele yake naye anasikia. Muulize maswali ya ndiyo na siyo, ajibu kwa macho au kwa mkono ulio mzima, ndipo useme habari ya akili yake.

Masikio kwanza, hata kama una hakika anasikia

Sijali ni mtoto wa aina gani kati ya hao, simwandikii lolote la maana kabla masikio hayajapimwa. Mzazi ataniambia, "Anasikia, mwalimu, mlango ukibamizwa hugeuka." Mlango ukibamizwa hata kiziwi hugeuka, sakafu imetikisika na upepo umempiga. Vilevile usipige makofi mbele yake wala kando ambako ataona kivuli cha mikono yako. Simama nyuma, mbali kidogo, na utumie sauti ndogo anayoipenda: karatasi ya krispi ikikunjuliwa, au jina lake kwa kunong'ona. Rudia siku nyingine.

Mtoto kiziwi naye alibwabwaja alipokuwa mchanga, na hilo huwapotosha wazazi wengi. Miezi ya mwanzo watoto wote hutoa sauti. Asiyesikia huzipunguza taratibu kadiri mwaka wa kwanza unavyokwisha, kwa kuwa hasikii kinachorudi. Kuna pia usikivu wa kubabaisha: maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, ambapo wiki hii anasikia na wiki ijayo hasikii, na nyumbani wanasema ni kiburi.

Kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kama alilazwa akiwa mchanga akapigwa sindano za jentamaisini, kama alipata manjano makali, liseme hilo mapema unapofika kwa daktari wa masikio, hospitali ya Makadara au kwingineko. Umri mdogo si kisingizio cha kumrudisha. Kuna kipimo cha kijibomba kinachotiwa sikioni mtoto akiwa amelala, wala hahitaji kujibu chochote. Na mwenye Dauni sindromu, ambaye hali yake hutambulika tangu kuzaliwa na kuthibitishwa kwa kipimo cha damu, apimwe masikio pia, tena kwa kurudiarudia. Wengi wao wana shida hiyo na kila kitu hulaumiwa Dauni.

Usonji au tatizo la lugha?

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi, na hapa ndipo nataka tukae.

Nenda na mtoto nje jioni. Mtu wa Magongo au Mikindani una bahati: ndege zinashuka uwanja wa Moi zikipita juu ya paa lako. Ndege ikipita, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekua kawaida atanyoosha kidole juu, kisha atageuka kukutazama. Ndege haitaki apewe. Anataka uione pamoja naye. Kunyoosha kidole ili kuonyesha ni jambo tofauti na kunyoosha kidole ili kuomba, na mimi nikilazimishwa kuchagua alama moja tu ya kutazama, nitachagua hiyo. Mtoto mwenye tatizo la lugha peke yake atakuonyesha ndege, atakuletea kiatu chake kipya ukisifu, atakuigizia kwa mikono na uso jinsi paka alivyoruka. Mwenye usonji anaweza kuipenda ndege kuliko wote, aijue kwa mlio, na asikugeukie hata mara moja.

Macho yasikutie haraka. Watoto wetu wengi hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na mtoto mwenye haya akiletwa ofisini kwangu hatanitazama. Mtazame na mamake, na nduguze, na paka. Kama huko macho yapo, haya ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Usonji pia hauishii kwenye mawasiliano. Lazima kuwe na ule upande wa pili: kurudiarudia, kung'ang'ania vilevile, au hisia zinazopokea vitu kwa ukali au kwa ufifi usio wa kawaida. Mtoto anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja na ukikisogeza kimoja dunia imekwisha. Anakula wali mweupe tu, na ukigusana na mchuzi sahani nzima imeharibika. Adhana ikianza kwenye spika anaziba masikio na kulia, ilhali kumwita jina hata hageuki. Matatu ikipitia barabara nyingine, mayowe mpaka Kongowea. Pande zote mbili zikiwapo, na zikiwapo tangu utotoni, ndipo wataalamu huita usonji. Kukiwa na ugumu wa mazungumzo bila upande huu wa pili, huwa ni tatizo jingine, la matumizi ya lugha katika kuhusiana na watu, ambalo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umelitenga peke yake tangu 2013. Mwaka huohuo jina la Asperger, walilopewa wenye dalili kama hizi ila wanaosema vizuri, likaondolewa na kuingizwa ndani ya usonji, kwa hiyo ukiwa na karatasi ya zamani iliyoandikwa hivyo, haijafutika maana. Jina tu limehamia nyumba kubwa.

Siku hizi naletewa wanaosema Kiingereza cha katuni. Mtoto wa Kisauni, nyumbani ni Kiswahili na Kigiriama, anahesabu hadi ishirini kwa lafudhi ya Marekani, anataja rangi zote, na maji hajui kuomba. Mama anajivunia, babake anaogopa. Namuuliza, "Ukimwuliza unataka maji, hujibu nini?" "Hujibu unataka maji." Ni mwangwi. Watoto wote hupitia mwangwi kidogo wakijifunza; ukizidi na kuendelea baada ya miaka mitatu, tena maneno mengi yakiwa ya simu na machache ya kumwomba mtu kitu, unahitaji kutazamwa. Simu haileti usonji. Inachofanya ni kula saa ambazo mtoto angezungumzishwa, na mtoto aliyekuwa na ucheleweshi mdogo akaachiwa simu kutwa nzima huonekana mbaya kuliko alivyo. Iondoeni wiki kadhaa, mcheze naye, mtaona kilichobaki.

Lugha mbili au tatu nyumbani nazo hazina makosa. Nimesikia wazazi wakiambiwa waache Kidigo ili mtoto aseme haraka, na hakuna msingi wowote wa ushauri huo. Mwenye tatizo la lugha hulibeba katika lugha zote anazozisikia, kwa hiyo muulize nyanya wa Likoni anavyosema Kidigo kabla hujaniambia hajui kusema. Akisema vizuri na nyanya na shuleni akawa bubu kabisa, muda mrefu, hiyo ni hofu iliyomfunga kinywa, na kumchapa huikaza.

Tatizo la lugha halisi si adimu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulikuta kati ya watoto 7 na 8 katika kila 100 walioanza shule wanalo bila sababu nyingine inayojulikana. Kwa Kiswahili mimi hulisikia kwenye vitenzi. Mtoto wa miaka mitano anayesema "piga mimi" pale ambapo mdogo wake wa mitatu anasema "amenipiga" ana ugumu wa kuzipanga zile silabi ndogo, na ukimtuma vitu viwili kwa pamoja hurudi na kimoja. Akiwa mcheshi, mwenye marafiki na mwenye akili ya kutengeneza gari la waya, watu husema atajirekebisha. Baadhi yao hujirekebisha. Wengi huishia darasa la tatu wakiitwa wavivu.

Anayeruka, anayeganda

ADHD, ile shida ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, haipimwi ofisini kwangu kwa nusu saa. Mtoto yeyote akiletwa mahali papya penye vitu vya kuchezea ataruka. Madaktari wanataka dalili zilizodumu miezi sita au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana mahali zaidi ya pamoja na zinazomharibia maisha. Mahali zaidi ya pamoja ndiyo ufunguo. Kama anahangaika shuleni tu na kwa ustadhi anakaa akahifadhi, tatizo litafute shuleni: haoni ubao, hasikii, anaonewa, au masomo yamempita. Kama ni kwa ustadhi tu, zungumza na ustadhi kuhusu bakora.

Muulize pia usingizi. Mtoto anayekoroma kama mzee na kulala mdomo wazi, mwenye mafindofindo makubwa, halali vizuri, na mtoto mwenye usingizi hachoki kama mtu mzima, huwa mtundu. Upungufu wa damu nao huchanganya mambo.

Kuna mwenzake asiyeruka, msichana aghalabu, ambaye yuko pale na hayupo. Kabla hujasema ana ndoto za mchana, mguse. Anayeota atashtuka. Akiwa amekodoa, kope zinapepesa, hata ukimgusa haji, na baada ya sekunde kumi hivi anaendelea na alichokuwa akifanya bila kujua kuna kilichotokea, tena mara nyingi kwa siku, hicho huenda ni kifafa cha kuganda na kina dawa yake. Wale wanaoanguka na kukakamaa hapa kwetu husemwa wana nyuni, pepo wa kuwashika watoto. Mwenye kumsomea mtoto na amsomee, sina ugomvi naye. Lakini hospitali iwe siku hiyohiyo.

Usonji na ADHD vinaweza kumkuta mtoto mmoja. Zamani mwongozo wa Marekani uliwakataza madaktari kuandika vyote viwili. Kuanzia 2013 inaruhusiwa. Kwa hiyo ukiambiwa "hawezi kuwa na yote", uliza tena.

Akili iliyochelewa na kusoma tu

Kupima akili kwa maswali ya vitabuni peke yake hakutoshi. Mimi nauliza maisha: anavaa kanzu mwenyewe? Akitumwa dukani na shilingi ishirini hurudi na chenji au hurudi na peremende? Anajua gari ni hatari? Mwenye ulemavu wa akili amechelewa darasani na nje ya darasa pia. Yule anayefua, anayeuza viazi karai na dadake bila kukosea chenji, lakini kusoma "ba be bi" kunamshinda mwaka wa pili, hana ulemavu wa akili. Nawaza disleksia, na kwa Kiswahili, ambacho kinasomwa kama kilivyoandikwa, huonekana zaidi kama kusoma kwa mwendo wa kobe kuliko kusoma kwa makosa. Chini ya miaka mitano sikubali mtoto aandikiwe ulemavu wa akili moja kwa moja. Wataalamu wenyewe husema ukuaji umechelewa, wakangoja. Na kipimo kiwe cha kwetu inapowezekana. Watafiti wa Kilifi walitengeneza chao cha kupima mwendo na mikono ya watoto wadogo, kwa vifaa ambavyo mtoto wa hapa anavijua.

Yasiyongojwa

Mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea, aliyekuwa akicheka na watu akaacha, apelekwe wiki hii. Msichana mdogo aliyeacha kutumia mikono akawa anaikunja na kuisugua kama anayenawa, hali kadhalika: kuna ugonjwa wa jeni uitwao Rett unaoanza hivyo. Asiyebwabwaja wala kuonyesha ishara yoyote kufika mwaka mmoja, asiye na neno kufika mwaka na nusu, asiyeunga mawili kama "mama maji" kufika miaka miwili, asiambiwe babake naye alichelewa. Huenda babake alichelewa kweli. Apimwe hata hivyo.

Ukija, njoo na anayeshinda na mtoto. Kama ni dada wa kazi, njoo naye, na umwache aseme. Leta kitabu cha kliniki, hata kikiwa kimelowa mafuta, maana uzito wa kuzaliwa na siku za kulazwa zimo humo. Mrekodi mtoto kwa simu akila, akicheza na wenzake, akikataa kitu, na hasa lile tukio linalokusumbua; kwangu hatalifanya, siku hiyo atakuwa malaika. Omba mwalimu wa shule na wa chuo waandike mistari michache kila mmoja bila kushauriana. Ukimaliza dai nakala ya ripoti, iwe na tarehe, na uitumie kumwandikisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ikiwa hali inastahili. Mtoto mdogo mrudishe apimwe tena baada ya miezi sita au mwaka. Mazoezi ya kuzungumza, kucheza na kungoja zamu anza wiki hii, karatasi ikiwa imeandikwa jina au haijaandikwa.